Sinema za Tsavo na Wafu Wasiohesabiwa

Kuna watu wasemao kwamba hofu haihitaji mkalimani: simba akinguruma gizani, Mtaita na Mmarekani wataruka vitini kwa pamoja. Mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni uchunguzi wa lugha, siafiki. Mwili huweza kushtuka popote, lakini binadamu huogopa kwa lugha yake. Huogopa kile alichofunzwa kukiita kwa jina, na huogopa zaidi kile alichokatazwa kukitaja. Ndiyo maana, nikiwa likizoni hapa Voi majuma machache yaliyopita, nilitazama sinema tano, baadhi za kutisha na baadhi za maisha ya watu, huku nikijiuliza swali moja tu: katika hadithi hizi, nani ana jina na nani hana?

Nianze na ile iliyovuma kupita zote. The Ghost and the Darkness ilitoka mwaka 1996. Iliongozwa na Stephen Hopkins, ikaandikwa na William Goldman, na ndani yake wamo Val Kilmer na Michael Douglas. Inasimulia habari za simba wawili waliowashambulia wajenzi wa daraja la reli katika mto Tsavo mwaka 1898, mahali palipo kilomita zipatazo 50 kutoka hapa Voi ukielekea Nairobi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sinema hii inatisha. Nyasi zinapotikisika pasipo upepo, mtazamaji hushikilia kiti chake. Ngurumo zake zilisifiwa hata watengenezaji wakatunukiwa tuzo ya Oscar kwa ufundi wa sauti. Wapo wanaoilaumu kwa kuwa ilipigwa picha Afrika Kusini wala si Tsavo, kwa kuwa simba wake wana manyoya marefu shingoni ilhali wale wa kweli hawakuwa nayo, na kwa kuwa yule mwindaji Remington anayeigizwa na Douglas ni wa kubuni. Mimi sina ugomvi na hayo. Sinema si ushahidi wa mahakamani, na msanii ana ruhusa ya kuongeza chumvi. Ugomvi wangu uko kwingine.

Tuangalie tarakimu. Luteni Kanali John Henry Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja lile, aliwaua simba hao mwezi Desemba 1898, wa kwanza tarehe 9 na wa pili tarehe 29. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1907 alieleza kwamba vibarua 28 kutoka Bara Hindi waliuawa, na pamoja nao Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa na mtu yeyote. Miaka ilipopita alianza kutaja watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walichunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ambao tangu mwaka 1924 wamo katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, lililowanunua kwa dola 5,000. Wakakadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35. Mwaka 2024 wengine wakachambua nywele zilizokwama katika meno yaliyovunjika, wakakuta za binadamu, twiga, pundamilia, choroa, kuro na nyumbu.

Ajabu iliyoje! Tunajua kwa uhakika mkubwa kwamba simba wale walimla kuro, lakini hatujui jina la Mwafrika hata mmoja waliyemla. Kutoka 28 hadi 135 si kosa la hesabu. Ni shimo, na ndani ya shimo hilo wamelala watu wetu. Kibarua wa Kihindi alikuwa na mkataba na ujira, kwa hiyo alipokufa mstari wake ulifutwa katika daftari. Patterson anamtaja hata jemadari Ungan Singh, aliyenyakuliwa hemani usiku. Mwafrika aliyekuwa akichota maji, kubeba mizigo au kulala kijijini hakuwa katika daftari lolote, basi kifo chake hakikuwa na mahali pa kuandikwa. Sinema nayo ikalirithi daftari hilo. Simba wamepewa majina makubwa yatishayo, Mzuka na Giza, ilhali wengi wa wanaokufa ni mayowe tu usiku. Yupo Samuel, anayeigizwa na John Kani, na ni yeye anayesimulia. Lakini hata yeye amepewa sauti ili atusimulie habari za Patterson, si za jamaa zake.

Jina Tsavo lenyewe halikunusurika. Vijitabu vya watalii hurudia kwamba maana yake ni “machinjioni” kwa Kikamba. Mkamba akichinja mbuzi hutumia kitenzi -thinza, na jirani yake Mkikuyu husema -thinja. Mimi sioni njia ya sauti itokayo hapo hadi Tsavo, na ningependa anayeiona anionyeshe. Nashuku kwamba simba ndio walioleta maana hiyo, kisha maana ikabandikwa mtoni ili mgeni apate kusisimkwa kabla hajashuka garini.

Kabla ya sinema hii ilikuwako nyingine juu ya simba hao hao, Bwana Devil, iliyotoka Marekani mwezi Novemba 1952 ikiongozwa na Arch Oboler. Hiyo ndiyo iliyoanzisha shamrashamra za kuvaa miwani ili picha ionekane kana kwamba inamrukia mtazamaji. Kwa macho ya leo simba wake hawamtishi hata mtoto wa chekechea. Kilichonishughulisha ni anwani yake. Neno la Kiswahili lililochaguliwa kupelekwa Marekani ni “bwana”, yaani neno ambalo mtumishi humwitia aliyemwajiri. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo, na katika kumbi za Los Angeles watu walikuwa wakilipa waogopeshwe na Kenya isiyo na Wakenya wa kuogopesha wala wa kuhuzunikia.

Nikahamia kwenye mapenzi, nikidhani huko nitapumua. Out of Africa, ya mwaka 1985, iliongozwa na Sydney Pollack, na ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Wasomaji wengi wanaikumbuka kwa milima ya Ngong, lakini kilele cha msiba wake kilitokea hapa kwetu. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 ndege ndogo ya Denys Finch Hatton iliruka kutoka uwanja wa Voi, ikazunguka, kisha ikaanguka na kuteketea. Robert Redford alimwigiza marehemu huyo kwa ustadi, na sikuona haya kulengwa na machozi. Hata hivyo ndani ya ndege ile walikuwamo watu wawili. Wa pili alikuwa Kamau, mtumishi wake. Huyu angalau ana jina. Lakini sinema inamlilia Denys, na mpenzi wa sinema anayemjua Kamau wa Voi ni nadra kama maziwa ya kuku.

Sasa msomaji ataniuliza: je, watu wa nchi hii wao walikuwa wakiogopa nini? Swali zuri. Sinema za kutisha za Kimagharibi hupenda sana fuvu la kichwa. Kamera ikimulika fuvu pangoni, muziki hubadilika na mtazamaji hujua kwamba balaa limewadia. Lakini katika vilima vya Dawida, baada ya mzee kuzikwa kwa muda, fuvu lake lilikuwa likifukuliwa na kuwekwa kwa heshima katika pango la ukoo, pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Baadhi ya mapango hayo yapo hadi leo karibu na Wundanyi. Pale pango la mafuvu halikuwa mahali pa kukimbia. Palikuwa mahali pa kwenda, nyumba ya wazee wenye majina. Sanamu ile ile ambayo kwa mwongozaji wa California ni alama ya kitisho, kwa Mtaita ilikuwa alama ya ukoo usiosahau watu wake.

Lililoogopwa lilikuwa karibu zaidi. Mtaalamu wa anthropolojia Grace Harris, katika kitabu alichotoa mwaka 1978 kuhusu dini ya Wataita, alieleza kwamba kiini cha ibada zao kilikuwa kuitoa hasira iliyofichwa moyoni. Mtu aliyekuwa na kinyongo juu ya nduguye alitakiwa kutasa: kutia kinywaji mdomoni, kukipuliza nje, na kutamka kwa maneno kwamba hasira yake imekwisha. Hasira isiyotamkwa ndiyo iliyodhaniwa kuleta maradhi na ukame. Msomaji na aone jinsi jambo hili lilivyo la kilugha: dawa ya hofu ilikuwa kusema. Waswahili nao walikwisha kunena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye nadharia hiyo hahitaji simba wa kuchonga. Humtosha chumba kimoja chenye ndugu wawili wasiosemezana.

Na kwa kweli hizo ndizo sinema mbili zilizonifurahisha. Ya kwanza ni Kati Kati ya Mkenya Mbithi Masya, iliyotoka mwaka 2016. Msichana aitwaye Kaleche anajikuta nyikani, mbele ya hoteli ya kitalii, hajui ametoka wapi. Wenyeji wake wanamweleza kwamba amekufa, kama wao. Hakuna anayekunywa damu wala anayekata watu kwa shoka. Kinachotisha ni kwamba kila mmoja amebeba jambo ambalo hakulisema alipokuwa hai, na hataondoka hapo mpaka alikabili. Sijui kama mwongozaji aliwahi kusikia habari za kutasa, lakini bibi wa Mgange angemwelewa bila tafsiri.

Ya pili ni Vuta N'Kuvute ya Mtanzania Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mzee, anatoroka ndoa na kukutana na Denge, kijana anayepinga utawala wa Waingereza katika miaka ya 1950. Hapa Kiswahili hakikuletwa kupamba ukuta. Kinabembeleza, kinadanganya, kinatukana, kinapanga njama. Wapo wanaolalamika kwamba inakwenda polepole mno. Mimi nasema upole huo ni wa mazungumzo ya barazani, na asiyestahimili mazungumzo hataujua utamu wa tamthilia.

Najua pingamizi litakalotolewa. Vijana wataniambia kwamba mtu aliyeshinda juani akifanya kazi anataka jioni asisimkwe, hataki mhadhara wa chuo kikuu. Wana haki. Tena katika kaunti hii, ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, hofu ya mnyama si ya sinema tu. Wapo wanaolala macho wakichunga mahindi yasiliwe na ndovu. Sisemi basi simba aondolewe katika hadithi. Nasema aliyeliwa arudishwe ndani yake.

Wala hatuna upungufu wa visa vya kutisha. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, majeshi ya Kijerumani yaliyokuwa yameshika Taveta yaliufikia mlima Kasigau. Waingereza wakawashutumu Wakasigau kwamba walimsaidia adui. Wazee kwa watoto wakang'olewa mlimani kwao na kuhamishiwa Malindi, joto la pwani na homa zikawapukutisha, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurejea nyumbani. Haya si masimulizi ya mizuka. Ni jamii nzima iliyotolewa kwenye baridi ya mlima wake kwa kosa ambalo halikuthibitishwa mbele ya hakimu. Kwa nini sinema ya simba wawili imetengenezwa zaidi ya mara moja, na hii mimi sijaiona hata mara moja? Simba hamdai mtu maelezo. Mkasigau angeyadai.

Siku hizi kijana wa Voi ana simu inayopiga picha safi kuliko kamera nyingi za zamani, na wajukuu wa waliopelekwa Malindi bado wako Kasigau. Kazi ya kwanza si kutafuta fedha wala mwigizaji mashuhuri. Ni kupanda Rukanga na Bungule na daftari, kuketi na wazee, na kuandika majina: nani alifia njiani, nani alizikwa Malindi, nani alirudi na mtoto mgongoni. Yaandikwe kwa lugha watakayoyatamka wao, kisha yatafsiriwe Kiswahili tuyasome sote. Idara ya utamaduni ya kaunti na walimu wa shule za sekondari wanaweza kulianza jambo hili muhula ujao bila ya kungoja mfadhili. Daftari la mwaka 1898 hatuwezi tena kulijaza, kwa maana waliojua wamekwisha kwenda. La mwaka 1915 bado lina watu wachache wa kulijaza, nao umri wao haungoji.