Tope la Sabaki Lina Wageni

Kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, maji yakipwa huonekana tope jekundu tupu, na wengi huliona ni ardhi isiyo na kazi. Ndege wanatuambia vingine. Yuko kitwitwi mmoja wa gramu kama 60 tu, mdomo umepinda kidogo kuelekea chini, ambaye huzaliana Siberia kisha akaja kumaliza msimu wa baridi ya kaskazini huku. Mtazame anavyochomachoma tope, hatua mbili, chomo tatu, akitoa minyoo na vidudu tusivyoviona. Kiumbe mdogo hivyo hasafiri maelfu ya kilomita kufuata mahali pasipo na chakula. Wahamiaji wa kaskazini wakishaondoka, karibu na katikati ya mwaka, hufika wengine kutoka Madagaska. Anayetaka kuwaona vizuri afike maji yakianza kujaa, maana bahari yenyewe huwasogeza karibu na nchi kavu.

Wapo wasemao hii ni starehe ya watalii wenye darubini, na ndege hajazi sufuria. Nusu ya hoja hiyo ni kweli: darubini ni ghali. Lakini huko Mida, kusini ya Malindi, kiingilio cha daraja la mbao linalopita kwenye mikoko, wanakopita watazamaji wa ndege, kimesaidia karo za wanafunzi wa sekondari. Tena tope linalomlisha kitwitwi ndilo linalolea kamba na samaki wachanga, kwa hiyo ndege wakipungua, mvuvi ana sababu ya kuuliza kulikoni.