Sura ya 4: Buti Lisilokaa Mguuni

Wengi wanaopanda Mlima Kenya kupitia Lango la Sirimon, upande wa Meru, hushukia Chogoria. Kupanda hujaribu mapafu. Kushuka hujaribu vidole. Kutoka kilele cha Lenana, mita 4,985, hadi Lango la Chogoria, lililo kwenye kimo cha kama mita 2,950, kila hatua husukuma mguu mbele ndani ya buti. Buti likiwa fupi, kucha hugonga ncha siku nzima, damu huvilia chini yake, zikawa nyeusi na hatimaye kung'oka.

Aliyeumia hivyo hukimbilia buti kubwa, na huko hukutana na balaa la pili. Katika buti pana kisigino hupanda na kushuka, ngozi ikasuguliwa. Jasho likiilainisha, tabaka zake huachana na maji hujaa katikati: lengelenge limezaliwa. Buti linalofaa hushika kisigino na kuacha vidole huru.

Ukienda kuchagua buti la mtumba katika soko la Gakoromone, Meru, au Embu mjini, nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae soksi utakazopandia. Toa soli ya ndani, uikanyage: mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa kidole gumba. Usitegemee namba pekee. Kati ya 42 na 43 tofauti haifiki milimita 7, na viwanda havitumii kalibu moja.

Kabla ya kuteremka, keti, gongesha kisigino nyuma, kisha kaza kamba kwenye kifundo cha mguu kwa kuizungusha mara mbili. Huku mbele ilegee kidogo. Mguu ukifa ganzi, umekaza kupita kiasi. Vaa soksi za sufu. Za pamba hukaa na jasho. Ngozi ikianza kuchoma, simama papo hapo ubandike plasta. Lengelenge likishatokea, usilichune: lisafishe, ulifunike. Mwenye kisukari asipuuze hata mchubuko mdogo, amwone daktari.

Mpagazi naye apimiwe vivyo hivyo, kwa kuwa anashuka mteremko uleule akiwa na mzigo mgongoni.

Buti jipya lizoeze kwanza kwenye vilima vya karibu, kama Kiang'ombe kule Mbeere, ukipanda na kushuka. Likikuumiza huko, usiende nalo mlimani.