Dhamana ya Benki Ikizua Ugomvi, Ifuate Sheria ya Nchi Gani?

Wiki hii nataka kuzungumzia karatasi ambayo wengi wetu hatujapata kuishika mikononi, ingawa barabara kubwa, mitambo ya umeme na mabomba ya maji ya miji yetu hujengwa kwa kuitegemea. Karatasi hiyo ni dhamana ya benki, ile inayovuka mipaka ya nchi. Ugomvi wake una tabia ya ajabu kidogo. Mara nyingi wanaogombana hawaanzi kwa kubishana kama fedha zinadaiwa au hazidaiwi. Wanaanza kwa kubishana ni sheria ya nchi gani itakayosema kama zinadaiwa, na atakayeshinda hapo aghalabu ndiye atakayeondoka na fedha.

Mdhamini tunayemfahamu sisi, tuseme anayemdhamini jirani yake mkopo kwenye chama cha ushirika, hulipa pale tu inapothibitika kwamba mkopaji ameshindwa. Anayo haki ya kusimama na kusema: huyu hajakosa, kwa hiyo mimi sidaiwi. Dhamana ya benki ninayoizungumzia haiko hivyo. Benki hujifunga kulipa inapodaiwa, basi. Mwenye dhamana akileta barua ya kudai iliyoandikwa kama karatasi inavyotaka, benki haiulizi kama nyumba ilijengwa au haikujengwa. Hulipa kwanza, na lawama hufuata baadaye. Sababu yake inaeleweka. Zamani mnunuzi alimtaka mkandarasi aweke fedha taslimu kama amana, ili akitoroka kazi amana ichukuliwe. Dhamana ilikuja kuchukua nafasi ya amana ile, na mnunuzi anataka iwe nyepesi kuchukuliwa kama fedha iliyokwisha kuwekwa mezani.

Dhamana hizi zilienea sana miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na nchi kama Libya, Irak, Iran na Saudi Arabia zikawa zinatoa zabuni kubwa kubwa kwa makampuni ya Ulaya na Marekani. Wenye mafuta ndio waliokuwa na nguvu ya kupanga masharti. Sharti mojawapo lilikuwa hili: hatutaki karatasi ya benki ya London, tunataka karatasi ya benki ya hapa hapa kwetu, tutakayoweza kuidai kwa kuvuka barabara tu.

Hapo ndipo mnyororo ulipoanzia. Mkandarasi wa Kiingereza anakwenda kwenye benki yake London. Benki hiyo inaiandikia benki ya Tripoli: mpe mnunuzi dhamana, na akikudai ukamlipa, sisi tutakurudishia. Benki ya Tripoli inatoa dhamana kwa mnunuzi. Mkandarasi naye ameahidi benki yake kwamba itakacholipa, yeye atakirudisha. Ukihesabu utaona kuna mikataba minne: ule wa kazi yenyewe, ahadi ya mkandarasi kwa benki yake, ahadi ya London kwa Tripoli, na ahadi ya Tripoli kwa mnunuzi. Ahadi ile ya London kwa Tripoli nitaiita dhamana ya nyuma, kwa kuwa inasimama nyuma ya dhamana anayoiona mnunuzi.

Mnyororo huo ulifika mahakamani katika kesi ambayo mwanasheria yeyote wa mambo ya benki anaijua. Kampuni ya Kiingereza iitwayo Edward Owen Engineering ilipata kazi ya kupeleka na kusimika nyumba za vioo za kukuzia mimea nchini Libya. Bei ilizidi pauni nusu milioni, na dhamana ilikuwa asilimia 10, yaani pauni 50,203. Barclays ndiyo iliyotoa dhamana ya nyuma, na benki ya Umma ya Libya ikatoa dhamana kwa wanunuzi. Barclays ilikubali kulipa pale itakapodaiwa, bila ushahidi na bila masharti. Kwa upande wao, wanunuzi walitakiwa kufungua barua ya benki ya kuhakikisha malipo, iliyothibitishwa kama walivyoafikiana. Hawakuifungua. Kampuni ikasema, ninyi ndio mliovunja mkataba, sisi hatuendelei. Walibya wakajibu kwa kuidai dhamana.

Kampuni ilikimbilia mahakamani kuomba Barclays izuiwe isilipe. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, akiwamo Lord Denning, ilikataa. Majaji waliona kabisa kwamba huenda muuzaji hakuwa na kosa lolote, lakini wakasema benki imeahidi kulipa inapodaiwa, na ni lazima ilipe, isipokuwa pakiwa na ulaghai ulio wazi ambao benki yenyewe inaujua. Lord Denning aliongeza kwamba muuzaji mwenye busara huiingiza hatari hiyo katika bei yake tangu mwanzo. Ni maneno ya kweli, ila hayamfariji aliyekwisha kutaja bei. Barclays ikilipa hudai kwa mteja wake, na mteja hubaki na haki ya kumshitaki mnunuzi huko ng'ambo, kama ana nauli na uvumilivu.

Linganisha hukumu hiyo na ya Marekani ya mwaka 1984. Kampuni ya Itek, ya jimbo la Massachusetts, ilikuwa na mkataba wa kuitengenezea wizara ya vita ya Iran vifaa vya kupigia picha. Mapinduzi yakatokea mwaka 1979, serikali ya Marekani ikaifuta leseni ya kupeleka vifaa hivyo nje, na kampuni ikauvunja mkataba kwa kutumia kifungu kilichouruhusu kufanya hivyo. Hata hivyo dhamana ikadaiwa kupitia benki ya Melli ya Iran. Mahakama ya Rufani ya Boston, kwa hukumu iliyoandikwa na Stephen Breyer, ambaye baadaye aliingia Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, ilizuia malipo. Ilisema dai lile halikuwa na msingi wowote wa haki, na kwamba kulidai vile ni ulaghai.

Sisemi kwamba kesi hizi mbili zinafanana kila kitu. Ninachoonyesha ni kwamba neno ulaghai lina upana tofauti kila nchi. London huutaka uwe wazi kama mchana. Singapore imekwenda mbali zaidi, kwani tangu miaka ya 1990 majaji wake wamekubali kuzuia malipo hata pasipo ulaghai, iwapo kudai kwenyewe ni uonevu mtupu. Kwa hiyo karatasi ile ile, yenye maneno yale yale, inaweza kulipwa katika mji mmoja na kuzuiwa katika mwingine. Sasa msikilizaji ataelewa kwa nini mawakili hutumia miezi kugombea sheria ya nchi ipi.

Njia iliyo rahisi ni kuandika. Wahusika wakitaja katika dhamana kwamba itatawaliwa na sheria ya nchi fulani, mahakama nyingi huheshimu. Taabu ni kwamba karatasi hizi huandikwa kwa haraka, mara nyingi kwa ujumbe mfupi kutoka benki hadi benki, na sehemu ya sheria huachwa tupu. Wengi hudhani kwamba dhamana itafuata sheria ya mkataba wa kazi. Sivyo. Mfano ni kesi ya kiwanda cha saruji cha Attock, nchini Pakistan. Wajenzi walikuwa Waromania, mkataba wa ujenzi ulifuata sheria ya Uingereza, na dhamana ilitolewa na Benki ya Romania ya Biashara ya Nje. Wapakistani walipotaka kuishitaki benki hiyo London, Mahakama ya Rufani iliwaambia mwaka 1989 kwamba dhamana ni mkataba unaojitegemea. Haikutaja sheria, fedha zilikuwa za kulipwa Romania, kwa hiyo sheria yake ni ya Romania, na mlango wa London haukuwa wao.

Swali gumu zaidi ni lile la dhamana ya nyuma. Benki ya Wahda ya Libya ilikuwa imetoa dhamana kwa taasisi za nchi hiyo, na nyuma yake ilisimama Arab Bank, kupitia ofisi yake ya London. Dhamana ya mbele ilifuata sheria ya Libya, hilo halikuwa na mgogoro. Je, ile ya nyuma, iliyotoka London, ifuate ya Uingereza? Mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba ifuate ya Libya. Mantiki yake ni nyepesi kuifahamu ukijiweka katika nafasi ya benki ya katikati. Tuseme sheria ya Libya inailazimisha kumlipa mnunuzi, halafu ikigeuka kudai London inaambiwa kwamba kwa sheria ya Uingereza haidai kitu. Imelipa kwa mkono mmoja na mkono wa pili umerudi mtupu, nayo haikuwa na faida katika ujenzi ule zaidi ya ada ndogo ya kutoa karatasi. Mtu hawezi kuipa benki kazi ya namna hiyo na kutegemea kwamba iliukubali mtego huo kwa hiari yake.

Lakini Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao yake Paris, kimechagua njia nyingine. Kanuni zake za dhamana za mwaka 1992, na zile mpya zilizoanza kutumika Julai 1, 2010, zinasema kwamba pasipotajwa sheria, kila karatasi hufuata sheria ya mahali lilipo tawi la benki lililoitoa. Dhamana ya mbele hufuata sheria ya kwake, na ya nyuma ya kwake. Maana yake mnyororo unakatwa katikati, kinyume cha walivyosema majaji katika kesi ya Wahda. Kanuni hizi si sheria ya nchi. Huwafunga tu wale walioziandika ndani ya dhamana yao. Mimi naona majaji walikuwa na haki zaidi, ila wenye kanuni wana kitu ambacho mfanyabiashara hukithamini kuliko haki, nacho ni kujua mapema. Umoja wa Mataifa nao ulitunga mkataba wake mwaka 1995, uliopata nguvu Januari 1, 2000, nao pia unafuata mahali ilipotolewa dhamana. Nchi zilizojiunga ni chache, miongoni mwao Kuwait, Tunisia, Panama na Ecuador, na mataifa yenye mabenki makubwa yamekaa kando.

Sheria ya nchi ipi huwa jambo la kufa na kupona pale siasa inapoingia. Januari 1986 Rais Reagan aliamuru mali ya Libya iliyo mikononi mwa Wamarekani izuiwe. Benki moja ya Libya ilikuwa na dola milioni 131 katika tawi la London la Bankers Trust ya New York. Hiyo ilikuwa akaunti ya kawaida, si dhamana, lakini swali lilikuwa lile lile. Mwaka 1987 Jaji Staughton aliamua kwamba akaunti iliyo London inatawaliwa na sheria ya Uingereza, amri ya Washington haiifikii, na fedha zilipwe. Ni jaji huyo huyo aliyekuja kuandika hukumu ya Attock miaka miwili baadaye.

Kwa Irak mambo yaligeuka. Baada ya uvamizi wa Kuwait mwaka 1990, Baraza la Usalama liliweka vikwazo, na mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya ikapiga marufuku kulipa madai ya Irak yaliyotokana na mikataba iliyokwamishwa na vikwazo hivyo, pamoja na madai ya dhamana. Hapo haikuwa na maana tena kuuliza dhamana imeandikwa kwa sheria ya nchi gani. Mlipaji aliyeko Ulaya alikuwa amefungwa mikono. Hata hivyo benki ya Lloyds iliendelea kuishikilia amana ya mteja wake, kampuni ya Shanning, kwa hofu kwamba siku moja marufuku itaondoka na Wairaki watadai. Kampuni hiyo ilingoja hadi mwaka 2001 ndipo majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliposema kwamba marufuku ile ni ya kudumu, na amana irudishwe.

Na sisi je? Mahakama za Tanzania, Kenya na Uganda zimerithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, na hukumu za London husomwa na kunukuliwa humu ingawa haziwafungi majaji wetu. Aidha, kazi nyingi zinazogharimiwa na Benki ya Dunia hutumia kielelezo chake cha dhamana. Kielelezo hicho kinafuata kanuni za Paris za mwaka 2010, na kinatosheka na mwenye kazi kuandika tu kwamba mkandarasi amevunja mkataba, bila kuonyesha sababu. Kwa mujibu wa kanuni hizo, pasipoandikwa vinginevyo, sheria ni ya lilipo tawi la benki, na mahakama vile vile ni za huko. Mkandarasi wa Kichina akileta dhamana ya benki ya Nairobi, ugomvi utaamuliwa Nairobi. Akileta ya benki ya Beijing, wakili wa serikali yetu atapaswa kuzisoma kanuni zilizotolewa na Mahakama Kuu ya Watu wa China mwaka 2016, ambazo zinamruhusu jaji kusimamisha malipo kwa madai ya ulaghai na kumtaka atoe uamuzi wake juu ya ombi hilo ndani ya saa 48.

Ndiyo maana wenye kazi wengi wa huku hudai karatasi ya benki ya nyumbani, kama Walibya walivyofanya miaka ile. Benki hiyo ya nyumbani nayo huomba dhamana ya nyuma kutoka ng'ambo, na ada za benki zote mbili huingizwa katika bei ya barabara.