Mgonjwa wa Kadi na Mgonjwa wa Feza

Leo nataka tuongee juu ya mahali ambapo wahamaji wa vita na wenyeji wanakutana kila siku: kwenye mlango wa kituo cha afya. Hapo tunapona pamoja, na hapo pia tunaanza kuchukiana.

Mwaka jana nilifika kwenye kituo kimoja cha afya katika milima ya Kivu Kusini. Jina lake sitalitaja. Nilikuta mama mmoja mhamaji aliyezaa siku 9 mbele ya kufika kwangu, angali kitandani. Yeye hakuwa mgonjwa, mtoto wake hakuwa mgonjwa. Alizuiliwa kwa sababu ya deni. Shirika lililokuwa likilipia wahamaji lilikuwa limemaliza mradi wake, na yeye hakujua mpaka siku aliyoletewa karatasi ya malipo. Kwenye baraza, mama mwingine, mwenyeji wa kijiji, aliniambia bila kushusha sauti: «Wao walitunzwa bure miezi 6. Mimi niliuza mbuzi kwa malaria ya mtoto wangu. Na shamba wanalolima ni la bwana wangu.» Sikuwa na jibu la haraka. Wote wawili walikuwa na haki ya kulia.

Tuelewe kwanza namna kituo kinavyoishi. Inchi yetu imegawanywa katika zone za afya zaidi ya 500, na kila zone ina maeneo yake ya afya. Eneo moja la mashambani hukadiriwa kwa watu kama 10,000, na dawa zinaombwa kufuatana na hesabu hiyo. Vita ikileta watu wengine elfu kadhaa katika juma moja, hesabu kwenye karatasi haibadiliki. Dawa za miezi mitatu zinakwisha kwa mwezi mmoja, na mwenyeji anasema wahamaji wamekula dawa zetu. Kumbe kilichokosekana ni hesabu mpya.

Jambo la pili ni mshahara. Waganga wengi wa vituo vyetu hawapati mshahara wa serkali, ao wanapata kidogo sana. Wanaishi kwa feza anayolipa mgonjwa. Kwa hiyo yule muganga aliyemzuia mama na mtoto si mtu mwenye roho mbaya. Anaona chakula cha watoto wake kikitoka mlangoni. Nasema hivi ili tusimgeuze kuwa adui wa tatu, lakini alichofanya hakiruhusiwi.

Mimi nilisoma sheria, basi mniruhusu niseme sheria kidogo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 47, inasema kwamba haki ya afya inahakikishwa. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila, hali yake ya maisha, ao mahali anapokaa. Neno hilo la makao wahamaji walishike vizuri: muganga hawezi kukuambia urudi kutunzwa kwenu. Kifungu cha 17 kinasema hakuna mtu anayeweza kufungwa isipokuwa kwa njia ya sheria. Tena kuna Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Raia na za Kisiasa, ambayo inchi yetu, ikiitwa Zaïre, ilijiunga nayo mwaka 1976. Kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya malipo. Kituo cha afya si gereza, na mtoto mchanga si rehani.

Lakini deni linabaki deni. Sitaki mtu asikie kipindi hiki halafu atoroke usiku kupitia dirishani. Nimeona hilo pia, na mgonjwa aliyemfuata alidaiwa feza mbele ya kuguswa. Njia nzuri ni kuandika karatasi ya kukubali deni, mbele ya muganga na chifu ao mjumbe wake, ikionyesha kiasi, na siku ao mavuno ya kulipia. Mwenye deni anarudi nyumbani na nakala yake. Mama wa siku 9 alitoka namna hiyo, na chifu mwenyewe alitia sahihi.

Sasa nirudi kwa mama wa mbuzi, kwa sababu uchungu wake unaweza kuleta ugomvi mkubwa. Tukumbuke yaliyotokea Beni na Butembo. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287 huko na katika maeneo ya jirani. Walikuja na magari, mahema na feza nyingi. Wakati uleule surua ilikuwa inaua watoto katika inchi nzima: kufika Januari 2020 wafu walikuwa wamepita 6,000. Watu wa Beni, waliokuwa wakizika wenzao waliouawa katika mashambulizi, waliuliza kwa nini ugonjwa huu mmoja unatunzwa bure na haraka, na mengine yote hapana. Ulizo lilikuwa la haki. Penye jibu lisilotosha, uvumi uliingia, na waganga walishambuliwa, wengine waliuawa. Msaada uliokuja kuponya ulionekana kama biashara ya wageni.

Ndiyo maana nawaomba machifu, wazee na wakubwa wa makanisa: shirika likifika na kadi zake, msikubali kabla ya kuuliza. Je, haiwezekani watoto wote wa chini ya miaka 5 na wamama wote wenye mimba wa eneo hili watunzwe sawasawa, bila kuuliza wametoka wapi? Na mradi utakwisha siku gani, na nani atatangaza siku hiyo mwezi mmoja mbele, sokoni na kanisani? Mashirika mengine yanakubali yakiombwa mapema. Yakiombwa kadi zikiisha kugawanywa, inakuwa shida, na ndipo mwenyeji anaanza kuazima kadi ya mhamaji, naye mhamaji anaanza kuiuza.

Tena tazameni komite ya afya ya eneo lenu, ile inayoitwa CODESA. Ndiyo inapashwa kusimamia dawa na bei pamoja na muganga. Wahamaji wana mtu ndani yake? Kama hapana, wachague wawili, na mmoja awe mama. Kazi yao ya kwanza iwe kuhesabu nyumba kwa nyumba, kwa sababu wahamaji wengi hawakai kambini, wanakaa kwa jamaa. Chifu apeleke hesabu hiyo kwenye biro ya zone ya afya. Kazi ya pili ni kubandika bei ukutani, kwa Kiswahili. Mahali bei haionekani, kila mtu anaamini mwenzake amelipa kidogo.

Kuhusu uzazi, mnamo Septemba 2023 serkali ilizindua Kinshasa mpango wa kuzaa bila kulipa. Haukuanza mahali pote siku moja. Ulizeni biro ya zone yenu kama umefika kwenu.

Na wale wanaosema wahamaji wajitafutie dawa kwao wenyewe, niwakumbushe kolera ya Goma ya Julai 1994. Ilianzia kwa maji. Leo bado mhamaji na mwenyeji wanateka kwa bidoni kwenye ziwa moja, na mtoto wa mhamaji asiyetunzwa anaharisha juu ya kisima cha mwenyeji.

Juma lijalo, saa ileile, tutaongea juu ya shamba la kuazima: mhamaji analima, mwenyeji anataka kuvuna. Walio na maulizo wayaandike na kumpa mkuu wa kambi ao chifu, tutayasoma hapa.