Jipu la Ini Litokanalo na Mwiba Uliomezwa: Tiba Bila Kupasua Tumbo

Mtu akimeza mwiba wa samaki, kipande cha mfupa wa kuku au kijiti cha kuchokolea meno, mara nyingi kitu hicho hutoka kwa njia ya haja kubwa bila madhara. Mara chache, hata hivyo, ncha yake hutoboa mfuko wa chakula au utumbo na kuingia katika ini lililo jirani. Bakteria wanaoandamana nacho husababisha usaha kujikusanya, na jipu hutokea ndani ya ini.

Dalili zake ni homa na kutetemeka, maumivu ya tumbo la juu, kichefuchefu na kupungua uzito. Kwa kuwa homa hiyo hufanana na ya malaria, chanzo chake huweza kuchelewa kugundulika. Aidha, wagonjwa wengi hawakumbuki kumeza kitu, kwani huweza kupita wiki au hata miezi kabla ya kuugua.

Zamani tiba ilikuwa kupasua tumbo. Siku hizi daktari, akiongozwa na picha ya altrasaundi au CT-Scan, huingiza mrija mwembamba kupitia ngozi iliyotiwa ganzi, nao huachwa utoe usaha kwa siku kadhaa. Mgonjwa hupewa pia viuavijasumu. Mwiba ambao bado umechomoza ndani ya mfuko wa chakula huweza kutolewa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani. Uliozama katika ini huweza kutolewa kwa upasuaji wa matundu madogo. Kidonda huwa kidogo na mgonjwa hupona mapema.

Hata hivyo, usaha ukitolewa na mwiba ukaachwa, jipu huweza kurudi. Miiba mingi na vijiti vya mbao havionekani katika eksirei ya kawaida. Kwa hiyo, maelezo ya mgonjwa humsaidia sana daktari kuchagua kipimo kinachofaa.

Wananchi mnashauriwa kuzingatia yafuatayo. Anayekwamwa na mwiba asimeze tonge la ugali ili kuusukuma, bali afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mwenye homa isiyopona baada ya matibabu arudi kupimwa upya, na amweleze mhudumu iwapo aliwahi kukwamwa, hata kama ni miezi iliyopita. Akihitaji huduma hizi, atapewa rufaa kwenda hospitali yenye wataalamu na vifaa hivyo.