Mguu Usiouma

Mwenye sukari akinieleza kwamba nyayo zinamwaka moto usiku, namsikiliza bila kushtuka. Anayenitia hofu ni yule asiye na la kusema: amekanyaga mwiba asubuhi, ameokota korosho mpaka jioni, na mwiba bado umo.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na mirefu ndiyo hutangulia kuumia. Ndiyo maana ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu, kisha ikapanda polepole. Mishipa ya damu nayo huziba, kidonda kikakosa cha kukiponya. Maumivu yakishanyamaza, kazi yake inabaki kwa macho.

Huku kwetu macho hayo yana mengi ya kutazama. Kuanzia Oktoba watu wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hushinda chini ya mikorosho wakinyofoa korosho kwenye mabibo, wengine pekupeku. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi. Mwenye hisia ataruka, mwenye ganzi atazidi kukanyaga. Mchangani kuna funza. Juni na Julai baridi ya Newala huwasogeza wazee motoni, na mguu wenye ganzi huungua mwenyewe akiendelea na hadithi.

Halafu kuna panya. Si mzaha: mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Mtu analala, panya anatafuna, na mwenye mguu haamki. Nyumba yenye magunia ya chakula au korosho chumbani inawaalika. Magunia yahamishwe, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro.

Utajuaje kama ganzi imeshaingia? Madaktari wa Ipswich, Uingereza, walibuni kipimo kisichohitaji kifaa. Fumba macho, kisha mjukuu akuguse kwa ncha ya kidole chake, sekunde moja au mbili tu, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asibonyeze wala asitekenye. Miguso miwili au zaidi kati ya hiyo sita ikikupita, hesabu kwamba mguu wako uko hatarini hata kama unatembea vizuri.

Kila jioni, kabla giza halijaingia, kagua nyayo, visigino na katikati ya vidole. Usipoweza kujikunja, tumia kioo au mwite huyo huyo mjukuu. Maji juu ya uwanda wa Makonde yana historia ndefu ya taabu, kwa hiyo kuosha miguu sidai ndoo nzima. Kopo moja linatosha. Yakiwa ya moto, yapime kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu. Usiloweke. Kausha katikati ya vidole, kisha paka vaselini au mafuta ya nazi nyayoni na visiginoni, ila si katikati ya vidole, maana unyevu wa hapo hualika fangasi. Sugu usiichonge kwa wembe, na funza asitolewe kwa pini iliyozunguka mtaa mzima, nenda zahanati.

Kuhusu viatu, nina ugomvi na kandambili: mwiba hupenya soli, kamba hukwangua ngozi kati ya vidole. Katambuga za tairi huzuia mwiba, lakini mpira wake hukwaruza na misumari huchomoza. Tafuta kiatu kipana kilichofungwa mbele, na uingize mkono ndani kila unapokivaa. Mguu wenye ganzi hauwezi kukuambia kwamba kiatu kinabana. Kwa hiyo simama juu ya boksi, chora unyayo wako, ukate, uende nao sokoni. Boksi likijikunja ndani ya kiatu, kirudishe.

Ukiona lengelenge, mpasuko au weusi, usipake majivu wala unga wa betri, na usisubiri mnada wa korosho upite. Funika kwa kitambaa safi, acha kuukanyagia mguu huo, ufike zahanati siku hiyo hiyo. Wahudumu wa hapo watajua kama ni wa kupelekwa hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au ya Newala. Na siku ya kliniki ya sukari, vua viatu kabla hujaambiwa. Muuguzi akiwa na haraka, mwinulie unyayo.