Rusumo: Seva mpya, jina lile lile
WAFANYABIASHARA wanaopitisha mizigo Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, huniuliza: tukinunua seva mpya ya barua pepe, anwani zitabadilika? Hazibadiliki. Jina limeandikwa kwenye DNS, daftari la majina la intaneti, si ndani ya mashine.

Siku mbili kabla, napunguza muda ambao seva nyingine hukumbuka namba yetu, kutoka saa 24 hadi dakika 5. Nananakili barua zote mapema. Usiku nasimamisha seva kuukuu, namalizia zilizobaki, kisha naelekeza jina kwenye namba mpya.

Ankara ikitumwa kutoka Kigali saa hiyo haipotei. Seva ya huko hujaribu tena, kwa kawaida hata siku 4 au 5. Mashine kuukuu siifuti kwa wiki nzima. Hati ya forodha ikikosekana, lori halivuki daraja la Kagera.